Kufundisha Kitenzi "Take": Maana na Matumizi Yake katika Shule za Mbeya na Iringa

Utangulizi

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza ambavyo mtoto wa shule ya msingi hufundishwa mapema, kimo kitenzi "take". Ni neno fupi, lenye silabi moja, na aghalabu mwalimu hulipitia kwa dakika chache: huliandika ubaoni, huandika "chukua" mbele yake, wanafunzi hunakili, na somo huendelea. Tangu siku hiyo mwanafunzi hudhani kwamba neno hilo amekwisha kulimaliza. Ukweli ni kwamba ameanza tu.

Madhara ya kudhani hivyo hayaonekani upesi. Katika shule zetu nyingi za msingi za serikali, mtoto wa Tukuyu au wa Mafinga hujifunza hesabu, sayansi na historia kwa Kiswahili. Anapoingia kidato cha kwanza huyakuta masomo hayo yamegeuka kuwa ya Kiingereza, na "take" hukutana nayo katika kila kitabu: katika hesabu, mahali pa "toa", katika sayansi, mahali pa "fanyika", katika historia, mahali pa "teka". Yeye anayo "chukua" peke yake. Hushindwa hesabu ambayo angeiweza kwa Kiswahili, na mwalimu wake humdhania kuwa mzito wa akili, hali kosa si la akili wala si la hesabu. Ndiyo sababu tumeona yafaa kukiandikia kitenzi hiki kimoja makala haya.

Jambo kuu tunalotaka kulionyesha ni hili: kitenzi "take" hakifundishiki kwa tafsiri moja. Hufundishika kwa kutazama kinaelekea upande gani, kimefuatana na jina gani, na kimeshikana na kijineno gani. Mwanafunzi akizoezwa kutazama mambo hayo matatu, atakuwa amepata ufunguo wa kufungulia vitenzi vingine vingi vya aina hiyo.

"Chukua", "twaa" na "peleka"

Kabla ya kukilaumu Kiingereza, tutazame kwanza Kiswahili chenyewe. "Kuchukua" kwa asili ni kubeba. Ndiyo maana mbeba mizigo huitwa mchukuzi. "Kutwaa" ni kukitia mkononi kitu kilichokuwa mahali pengine. "Kupeleka" ni kukifikisha kitu mahali palipo mbali na asemaye. Katika mazungumzo ya siku hizi "chukua" imemeza sehemu kubwa ya kazi ya "twaa", hata vijana wengi hawalitumii "twaa" ila wanapozungumzia kombe la mpira.

"Take" husimama hasa mahali pa "twaa" na mahali pa "peleka". Pale ambapo "chukua" ina maana ya kubeba, Kiingereza kina neno jingine, nalo ni "carry". Hapa ndipo kosa la kwanza huzaliwa. Mwanafunzi atakaye kusema kwamba alimpeleka dada yake hospitali huandika "I carried my sister to the hospital", na msomaji humwona akilini mwake mtu aliyembeba dada yake mgongoni. Sentensi itakiwayo ni "I took my sister to the hospital". Kinyume chake, mama anayekwenda sokoni na kikapu kichwani "carries a basket on her head"; hapo "take" haifai.

Kadhalika "take" si "pokea". Aliyeandikiwa barua na mjomba wake "received a letter". Akiandika "I took a letter", ataeleweka kuwa aliitwaa barua mwenyewe, pengine bila idhini ya mwenyewe.

Lugha za nyumbani nazo zatufaa katika somo hili. Katika Kinyakyusa, kitenzi "ukwega" hutumika kwa kutwaa kitu, na hicho hicho hutumika kwa kuoa. Mtoto wa Rungwe kwa hiyo haoni ajabu anapokutana na Kiingereza cha zamani kisemacho "to take a wife". Mwalimu wa Kihehe, wa Kibena, wa Kisafwa au wa Kikinga awaulize wanafunzi wake: katika lugha ya nyumbani, neno la kutwaa lafanya kazi gani nyingine? Majibu yao yatawaonyesha wenyewe kwamba neno moja kubeba maana nyingi si kioja cha Waingereza, bali ni tabia ya lugha zote.

Tena neno hili halikuwa la Waingereza tangu awali. Lililetwa na watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza kabla ya mwaka 1100, likalisukuma kando neno la kale "niman", ambalo ndugu yake angali hai katika Kijerumani. Mgeni huyo akazidi kuenea hata akawa mwenyeji kuliko wenyeji.

Mwelekeo wa kitendo: mfano wa Kalenga

Jambo la kwanza la kutazama ni mwelekeo. Kiingereza hutofautisha "take" na "bring" kama vile Kiswahili kinavyotofautisha "peleka" na "leta". "Take" huelekea mbali na mahali alipo msemaji. "Bring" huelekea kwake. Mwanafunzi wetu anao ujuzi huu tayari katika lugha yake, wala hana haja ya kufundishwa upya. Haja yake ni kuonyeshwa kwamba anao.

Kwa shule za Iringa, na hata za Mbeya, hatuoni mfano ulio bora kuliko historia ya Mtwa Mkwawa, ambayo kila mtoto huisikia. Mwalimu na aandike ubaoni sentensi hizi nne:

1. "The Wahehe took many rifles at Lugalo in 1891."
2. "The Germans took Kalenga in 1894."
3. "The Germans took Mkwawa's skull to Germany."
4. "In 1954 the Governor brought the skull back to Kalenga."

Katika sentensi ya kwanza, "took" ni kutwaa: Wahehe walilishinda jeshi la Zelewski mwezi Agosti 1891 wakazitwaa silaha zake. Katika ya pili ni kuteka: ngome ya Kalenga ilivunjwa na kutekwa mwezi Oktoba 1894. Katika ya tatu ni kupeleka: baada ya Mkwawa kujiua mwaka 1898, kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Katika ya nne "take" imeondoka na "bring" imeshika nafasi yake, kwa sababu sisi tunaosimulia tuko huku, na fuvu lilikuwa linakuja huku, mikononi mwa Gavana Twining, ambaye alilirudisha kwa Wahehe. Mpaka leo limehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho pale Kalenga.

Hapo mwalimu asiishie. Awaambie wanafunzi wajifanye watu wa mji wa Bremen, ambako fuvu hilo lilitolewa, kisha wasimulie tena sentensi ya tatu na ya nne. Sasa mambo hugeuka: "They brought the skull to Germany", na baadaye "The Governor took it back to Africa". Tukio halikubadilika, aliyebadilika ni msimulizi. Kwa zoezi hili moja mwanafunzi hujifunza sarufi, hujifunza historia, tena hutambua kwamba kila asimuliaye husimama mahali fulani, na neno alilolichagua humfichua.

Sentensi hizo zafaa pia kwa kufundisha maumbo ya kitenzi: "take", "took", "taken". Wanafunzi wengi huunda "taked" kwa kufuata kanuni ya vitenzi vya kawaida. Tusiwakemee, maana kosa hilo laonyesha kwamba kanuni wameishika. Tuwape "The skull was taken to Germany", waisome kwa sauti mara kadhaa mpaka sikio lizoee.

"Take" na jina linalofuata

Jambo la pili ni jina linaloandamana na kitenzi. Katika maelfu ya sentensi za Kiingereza, "take" yenyewe haina maana nzito. Uzito uko katika jina. Tazama mifano hii:

"take a bus": kupanda basi, kusafiri kwa basi
"take medicine": kunywa au kumeza dawa
"take a photograph": kupiga picha
"take an examination": kufanya mtihani
"take notes": kuandika maelezo
"take a seat": kuketi
"take care": kuangalia, kujihadhari
"take part": kushiriki
"take place": kufanyika, kutokea

Katika orodha hiyo yote hamna hata mahali pamoja ambapo "chukua" ingefaa. Mwanafunzi aliyefundishwa tafsiri moja atasema "I drank the tablet" na "I climbed the bus". Mwalimu atamwekea alama nyekundu bila kumweleza sababu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuelezwa.

Lakini Kiswahili kina dawa ya ugonjwa huu. Tuwaulize wanafunzi: "kupiga" ni nini? Watajibu kwamba ni kumchapa mtu. Kisha tuwaulize: anayepiga picha amemchapa nani? Anayepiga simu, anayepiga pasi, anayepiga magoti, anayepiga hodi, anayepiga kura, je? Darasa litacheka, na katika kicheko hicho somo limekwisha kueleweka. Kitenzi "piga" hukopesha nguvu zake kwa jina linalofuata, na jina ndilo lisemalo ni tendo gani. "Take" hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mwanafunzi asikariri "take" peke yake. Akariri jozi nzima, kama anavyojua "piga pasi" kuwa ni kitu kimoja.

Safari za kwetu zatoa mazoezi mazuri. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, inapita Mbeya na Makambako lakini haifiki mji wa Iringa. Msafiri wa garimoshi hana budi kushuka Makambako na kutafuta basi. Hivyo twaweza kuandika: "We took the train from Mbeya to Makambako. There we took a bus to Iringa. The bus took us past Mafinga. It took us many hours." Katika sentensi nne fupi, "took" imekuwa kusafiri kwa chombo, mara mbili, imekuwa kupeleka, na imekuwa kutumia muda. Wanafunzi wasome, kisha waandike safari zao wenyewe.

Maana ya muda yahitaji neno la ziada. Hapa lugha mbili zinakubaliana, maana nasi twasema safari "inachukua" muda. Lakini mwanafunzi hutatizwa na "it" iliyo mwanzoni, isiyosimamia kitu chochote. Mwelekeze kwenye Kiswahili: tunaposema "ilituchukua siku mbili", hiyo "i-" nayo yasimamia nini? Tena akitafsiri "six hours", aandike "muda wa saa sita", maana "saa sita" peke yake yaweza kueleweka kuwa ni adhuhuri au usiku wa manane.

Yafaa pia kuonya juu ya njia ya kurudi. Baadhi ya jozi hizi zimetafsiriwa neno kwa neno zikaingia katika hotuba zetu. "Napenda kuchukua nafasi hii" imefinyangwa kwa kufuata "to take this opportunity", na wapenda lugha wengi huona "kutumia nafasi hii" ni bora zaidi. Mwalimu akieleza jambo hili atakuwa amefundisha lugha mbili kwa wakati mmoja.

"Take" na vijineno vyake

Jambo la tatu ni vile vijineno vinavyofuata kitenzi, kama "off", "in", "out", "after" na "over". Hivi huwatisha wanafunzi kuliko yote. Tuwakumbushe kwamba Kiswahili hubadili maana ya kitenzi kwa kukinyambua: funga, fungua, fungia, fungana, fungisha. Mzizi ni ule ule. Miisho ndiyo hubadilika. Kiingereza hakina utajiri huo wa miisho, basi hufanya kazi hiyo kwa vijineno vilivyosimama nje ya kitenzi.

Tusifundishe vyote kwa pamoja. Kwa madarasa ya mwanzo vyatosha vitano. "Take off" ni kuvua, kama viatu; na kwa ndege ni kuruka, kama ndege zinavyoruka kutoka uwanja wa Songwe, Mbeya. "Take out" ni kutoa kitu ndani ya kingine. "Take in" ni kuingiza au kufyonza. "Take after" ni kumshabihi mzazi au babu. "Take over" ni kushika kazi au mamlaka iliyokuwa mikononi mwa mwingine.

Papo hapo tuwaonyeshe kanuni moja ya mpangilio. Twaweza kusema "Take off your shoes" au "Take your shoes off". Lakini jina likigeuka kuwa kiwakilishi, hukaa katikati tu: "Take them off". Kanuni hii hufundishwa vizuri zaidi kwa kitendo kuliko kwa maelezo.

Kitenzi hiki katika masomo mengine

Hapa ndipo mwalimu wa Kiingereza hana budi kukaa na walimu wenzake. Katika hesabu, "Take 15 from 40" ni kutoa, na jibu ni 25. "Take g as 10" si kuchukua chochote. Ni kuchukulia kwamba thamani yake ni 10. Hesabu inayowaangusha wengi ni ya namna hii: "If 4 men take 9 days to dig a field, how long will 6 men take?" Mwanafunzi huona "long" akakumbuka urefu, huona "take" akakumbuka kuchukua, na mwisho hutafuta wanaume sita wanachukua urefu gani. Aambiwe kwamba "how long" na "take" ni jozi moja iliyotenganishwa, na kwamba kinachoulizwa ni muda. Mara moja atapata siku 6, kwa sababu hesabu yenyewe aliijua tangu shule ya msingi.

Katika sayansi, "Photosynthesis takes place in the leaves" si kwamba kitu kimechukua mahali; ni kwamba jambo linafanyika ndani ya majani. Mwalimu wa Mufindi au wa Rungwe anayo mashamba ya chai ya kuonyesha mfano huo. "Plants take in carbon dioxide" ni kufyonza hewa hiyo. "Take the temperature of the water" ni kupima joto la maji. Mwanafunzi asiyeyajua haya huingia maabara akiwa na macho, lakini hana masikio.

Mpango wa vipindi vitatu

Twapendekeza vipindi vitatu, ambavyo vyawezekana hata katika darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache.

Kipindi cha kwanza kiwe cha vitendo. Zana ni chaki, kitabu, kikapu na viazi vichache. Mwalimu huamuru: "Take the potato. Take it to the door. Bring it to me. Take it out of the basket." Mwanafunzi mmoja hutenda, darasa husema anachofanya. Baada ya dakika kumi wanafunzi waamuriane wenyewe kwa safu. Mwalimu abadili mahali anaposimama, ili "take" na "bring" zibadilike pamoja naye. Dakika za mwisho zitolewe kwa sentensi za Kalenga.

Kipindi cha pili kiwe cha jozi. Kianze kwa "piga", kama tulivyoeleza. Kisha mwalimu achore jedwali lenye safu tatu: mtenda, kitenzi, na jina. Wanafunzi waunde sentensi kwa kuunganisha safu, na kila sentensi waieleze kwa Kiswahili bila kutumia neno "chukua". Katazo hilo dogo ndilo kiini cha kipindi, kwa sababu humlazimisha mwanafunzi kutafuta maana badala ya kuficha ujinga nyuma ya neno moja.

Kipindi cha tatu kiwe cha kusoma. Mwalimu aombe kwa wenzake sentensi mbili mbili zenye "take" kutoka katika vitabu vya hesabu, sayansi, jiografia na historia. Wanafunzi, wakiwa katika makundi, waamue kila "take" ina maana gani na waseme ni neno gani lililowaongoza.

Katika kupima, tusiulize "take maana yake nini?" Swali hilo halina jibu. Tumpe mwanafunzi sentensi nzima na tumtake aeleze jambo lililotendeka.

Hitimisho

Yapo watakaosema kwamba kutumia Kiswahili katika somo la Kiingereza ni kumdekeza mwanafunzi. Hatukubaliani nao. Tafsiri ya neno moja kwa neno moja ndiyo inayodhuru. Ulinganisho wa lugha kwa lugha hujenga. Mtoto anayejua kwa nini "kupiga pasi" si kuipiga pasi, amebeba darasani ujuzi mkubwa ambao hakuna kitabu cha Kiingereza kilichompa. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha mlango ambao ujuzi huo unafungua.

Baada ya "take" vinafuata "get", "make", "put" na "have", na vyote vyaweza kufundishwa kwa njia hii hii. Tunawasihi walimu wa Mbeya na Iringa wakusanye makosa ya wanafunzi wao kuhusu vitenzi hivyo, pamoja na mifano ya lugha za nyumbani, wavijadili katika vikao vya masomo vya shule zao. Daftari moja la makosa yaliyoandikwa kwa makini litamfaa mwalimu mgeni kuliko orodha ndefu ya maneno na tafsiri zake.